Tuna mikoko, mtumbwi na kaya: tubishe mlango wa shirika gani kwanza?

Swali: Assalamu alaykum, mwalimu. Mimi naishi Mtongwe, lakini kwetu hasa ni kijiji kilicho kandokando ya hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, huko Kwale. Tuko watu 14, vijana pamoja na akina mama, na tumekusudia kuanza kuwatembeza wageni: kuwapitisha mikokoni kwa mtumbwi, kuwaonyesha ndege, kuwafikisha hadi pembeni mwa kaya, yaani msitu wetu mtakatifu, kisha kuwapikia chakula cha kwetu. Tumesikia kwamba yapo mashirika mengi yanayosaidia utalii wa vijijini na uhifadhi wa viumbe. Ni yapi, na tuanze na lipi? Tena kuna bwana mmoja hapa mjini anayetaka tumlipe shilingi 40,000 ili atuandikie ombi la ufadhili. Tumpe?

Jibu: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Waliotuachia msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone walimkusudia mgeni anayekuja kula na kulala, lakini vikundi vingi nilivyovishauri huku Pwani vimekuwa vikimngoja mgeni wa namna nyingine, yaani mfadhili, na kumwandalia yeye kila kitu, kuanzia fulana zenye nembo hadi bango la barabarani, ilhali yule atakayelipa nauli ya mtumbwi hajawekewa hata maji ya kuosha miguu yenye tope. Kwa hiyo nitalijibu swali lako kinyume cha mpangilio ulioutarajia. Mashirika ya fedha nitayaweka nyuma, na mbele nitayaweka yale yenye mamlaka juu ya mahali mnapotaka kumpeleka mgeni, kwa sababu bila ridhaa yao hakuna fedha itakayowafaa.

Anzeni na mikoko. Wenyeji wengi huamini kwamba mikoko iliyo mbele ya kijiji ni mali ya kijiji, na kwa matumizi ya kila siku huenda ikaonekana hivyo; kisheria, hata hivyo, mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932, na leo inasimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 imewaachia wenyeji mlango: wakazi wa karibu wanaweza kuunda chama cha jamii cha msitu, ambacho vijijini hujulikana kwa herufi tatu tu, CFA, kisha kuomba kushiriki katika usimamizi na kutia sahihi makubaliano na KFS. Miongoni mwa haki ambazo makubaliano hayo yanaweza kuwapa wanachama ni kurina asali, kukusanya kuni na mitishamba, na kuendesha utalii wa mazingira na matembezi ya burudani. Haki hiyo ya mwisho ndiyo mnayoitafuta, na haitoki Nairobi wala kwa mfadhili yeyote, bali huanzia katika ofisi ya msitu ya kaunti yenu.

Msikimbilie kuunda chama kipya. Ulizeni kwanza kama hori lenu tayari liko chini ya chama fulani, na kama lipo, jiungeni nacho mkiwa kikundi kimoja chenye shughuli yake, kwa kuwa nimeshuhudia vijiji viwili jirani vikigombania tawi moja la hori hadi wageni wakachoka kusubiri wenyeji wapatane. Vivyo hivyo, mtumbwi wenu utasukumwa majini kutoka bandari ya wavuvi, na bandari hiyo ina kamati yake ya BMU, yaani kitengo cha wenyeji cha kusimamia ufuo, iliyowekewa taratibu na kanuni za uvuvi za mwaka 2007. Mwenyekiti wa BMU asiposhirikishwa mapema atakuwa adui wa bure, na akishirikishwa huwa ndiye anayewapa nahodha bora kuliko wote mlionao.

Mfano ulio karibu nanyi zaidi ni Gazi, nanyi hamna udhuru wa kutokwenda kuutazama kwa macho yenu. Pale kikundi cha akina mama kina njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya matope, ambako mgeni hupita kati ya mikoko bila kuzama, kisha huandaliwa chakula cha Kiswahili. Kando ya kazi hiyo upo mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanzishwa mwaka 2013 na vijiji vya Gazi na Makongeni, unaolinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo kwa wanaotaka kufidia ile wanayoitoa wao, takriban tani 3,000 kwa mwaka, ambapo mapato yake yameingia katika maji na shule za vijiji hivyo. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na baadaye watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata nyayo hizo kwa mradi wao wenyewe. Nakuomba usome habari hii kwa uangalifu. Nyuma ya mafanikio ya Gazi kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ambacho wataalamu wake walikuwa wakiipima mikoko ile miaka mingi kabla ya hewa yoyote kuuzwa. Mtu akiwajia na kuwaambia kwamba mnaweza kuuza hewa ya ukaa msimu ujao, msindikizeni hadi barabarani.

Kuhusu kaya, nimefurahi kwamba umeandika “hadi pembeni”, kwa kuwa neno hilo lina adabu. Misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, na kaya nyingi zinalindwa kama turathi za taifa chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Lakini ulinzi wa karatasi ni mmoja, na wazee wa kaya ni wengine, nao ndio wenye neno. Kaya Kinondo, karibu na Diani, hupokea wageni kwa utaratibu uliokubaliwa na wazee wenyewe: mgeni hufungwa kaniki, huongozwa na mwenyeji, na hupita njia anayoonyeshwa tu. Hilo lilichukua mazungumzo marefu, tena liliwezekana kwa sababu wazee ndio waliolitaka. Maoni yangu ni kwamba msiiandike kaya katika tangazo lenu hadi wazee wawaite na kuwaambia wapi mgeni ataishia. Wakikataa, hori linawatosha.

Vibali vya biashara havina utamu wa kusimulia, lakini bila hivyo hoteli yoyote ya maana haitawatumia mgeni. Kikundi chenyewe husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, inayotaka wanachama wasiopungua 10, nanyi mmetimia. Shughuli za utalii, pamoja na kulaza wageni majumbani, zinahitaji leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, iliyoundwa na Sheria ya Utalii ya 2011. Kaunti itawadai kibali chake cha biashara. Mkitaka kujenga chochote juu ya matope, iwe njia ya mbao au kibanda cha kutazamia ndege, ulizeni kwanza mamlaka ya mazingira, NEMA, na KFS kabla ya kununua hata msumari mmoja. Ama chombo cha kubebea abiria kwa malipo, hata kikiwa mtumbwi, wapelekeeni Mamlaka ya Usimamizi wa Bahari, KMA, ambayo makao yake makuu yako hapa Mombasa, wakikague na kuwaeleza idadi ya watu mnaoruhusiwa kupakia; na jaketi za kuokolea maisha zinunuliwe kabla ya fulana za kikundi. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, litawahusu ikiwa safari zenu zitavuka na kuingia katika hifadhi, kwa mfano Shimba Hills au mbuga ya baharini ya Kisite.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vikundi hulipuuza na ambalo mimi naliona kuwa ndiyo biashara yenyewe, nalo ni ujuzi wa kumtembeza mtu. Mgeni anaweza kuiona mikoko peke yake kutoka darajani. Analipa ili aelezwe kwamba huu wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui ni mkoko wenyewe, ule unaochomoza vijiti kutoka kwenye tope ni mchu, ule ulio upande wa bahari ni mlilana, na huu wenye tunda kubwa la mviringo kama mpira ni mkomafi. Kisha aambiwe upi ulijengewa nyumba, upi ulichongewa mataruma, yaani mbavu, ya jahazi na upi ulitolewa rangi ya kutilia ngozi. Kenya ina aina tisa za miti ya mikokoni, na bibi yako huenda anazijua zote. Mwandikeni bibi huyo katika kikundi, mkae naye barazani na daftari, na mtakuwa mmepata mafunzo ambayo hakuna shirika lingeweza kuwapa.

Yaliyobaki yanafundishwa. Nature Kenya, chama kilichoanza mwaka 1909 na ambacho ni miongoni mwa vyama vikongwe vya uhifadhi katika nchi yetu, kimezoea kufanya kazi na vikundi vya wenyeji walio kando ya maeneo muhimu kwa ndege, kama vile Arabuko-Sokoke, Dakatcha na mlango wa mto Sabaki, na watu wake wanaweza kuwafundisha kutambua na kuhesabu ndege. A Rocha Kenya, walio Watamu, wanafanya kazi ya namna hiyo kuzunguka Hori la Mida. Zaidi ya hapo kipo chama cha waongoza wageni wa kitaaluma, KPSGA, kinachotahini kwa ngazi tatu za shaba, fedha na dhahabu. Ngazi ya shaba inafikika kwa kijana aliyesoma kwa bidii, ilhali ya dhahabu huwaangusha hata waliozeeka katika kazi, kwa hiyo tumeni vijana wawili tu mwaka wa kwanza, nao warudi kuwafundisha wenzao.

Na msisahau bahari ina saa yake. Bamvua ya Mombasa hupandisha na kushusha maji kwa zaidi ya mita 3, maana yake ni kwamba njia ya mtumbwi ya asubuhi inaweza kuwa uwanja wa kaa saa sita baadaye. Mgeni asiandikiwe saa ya safari kwa kufuata kifungua kinywa cha hoteli, bali kwa kufuata jedwali la maji. Maji yakijaa pigeni makasia, yakipwa watembezeni kwa miguu na kuwaonyesha ndege wanaolisha kwenye tope, hususan kati ya Septemba na Aprili, wakati ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia wanapokuwa kwetu. Wakati wa masika punguzeni matumaini.

Kuhusu wanaoleta wageni, mtasikia majina makubwa. Chama cha waandaaji wa safari, KATO, ni cha kampuni za utalii, nacho hakitawaingiza ninyi, lakini wanachama wake ndio wanaotafuta mahali papya pa kupeleka watu. Chama cha Utalii cha Pwani, KCTA, kinawakutanisha wenye hoteli na wafanyabiashara wengine wa utalii wa ukanda huu, na ni rahisi zaidi kufikika. Ecotourism Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1996, huzipima hoteli na kambi kwa kigezo cha utunzaji wa mazingira na wenyeji. Hoteli inayotaka alama nzuri huko ina sababu ya kushirikiana na kikundi kama chenu, na hapo ndipo pa kushikia mnapokwenda kuzungumza na meneja wa Diani. Nendeni na bei iliyoandikwa, idadi ya watu mnaoweza kuwapokea kwa siku, na nakala za leseni. Meneja hana haja ya kusikia shida zenu.

Hata hivyo, nisingewashauri muitegemee Diani peke yake. Waulizeni watu wa Mwaluganje. Katika miaka ya 1990 wakulima wa Kwale waliokuwa wakiliwa mazao na tembo walikubali kuyaacha mashamba yao yawe hifadhi ya jamii inayounganisha Shimba Hills na msitu wa Mwaluganje, ili wagawane mapato ya langoni. Lilikuwa wazo la busara, na hadi leo nalitaja kila ninapofundisha. Lakini mapato ya langoni yanamtaka mtalii afike langoni. Vurugu za Likoni za Agosti 1997 ziliwafukuza wageni Pwani nzima, zile za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zikawafukuza tena, na mwaka 2020 korona ikafunga viwanja vya ndege kabisa. Wageni walipoacha kuja, tembo hakuacha kula mazao.

Kwa sababu hiyo ningewataka muwatafute wageni walio ng'ambo ya kivuko tu. Shule za Mombasa zinatafuta mahali pa kupeleka wanafunzi, na nyingi zina matawi ya Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya, ambavyo vimekuwepo tangu 1968. Madrasa hufanya matembezi, vyama vya akina mama hufanya matembezi, na familia za Old Town, Kisauni na Changamwe zitalipa bei ya wastani siku ya Jumapili ikiwa zitapata kivuli, pweza wa nazi na mahali pa kuswalia. Mgeni huyo halipi kwa dola, lakini hahitaji viza, na akipendezwa atarudi mwezi ujao na shemeji zake. Wapo pia waliotafuta kipato kisichongoja mgeni afike kijijini: mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993 huko Gede, huwanunulia wakazi wa kando ya Arabuko-Sokoke pupa wa vipepeo (buu aliyejifunga kabla ya kugeuka kipepeo) waliowafuga na kuwauza ng'ambo kwenye maonyesho ya vipepeo, pamoja na asali. Hori lenu linaweza kubeba mizinga ya nyuki. Lifikirieni hilo mapema.

Sasa fedha. Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, unaoendeshwa kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, hutoa ruzuku kwa vikundi vya jamii na mashirika yasiyo ya kiserikali, nao hutarajia kuona mchango wenu wenyewe, ambao unaweza kuwa jasho, mtumbwi au kiwanja. Hazina ya Uwezo hutoa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya vijana na akina mama. Inafaa kwa kununua mtumbwi wa pili, haifai kwa kulipia semina. Kaunti nazo zina kamati za mabadiliko ya tabianchi katika wadi, na upandaji wa mikoko huingia humo bila taabu. Katika milango hii yote, chanda chema ndicho huvikwa pete: kikundi kinachoonyesha daftari la safari 20 zilizolipiwa na shule za mjini husikilizwa kuliko kikundi chenye ndoto nzuri na daftari tupu.

Mkipewa, ombeni pia fedha za matengenezo, au mziweke ninyi wenyewe kutoka katika kila tiketi. Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia kikundi kimoja, ambacho sitakitaja, kupata fedha za njia ya mbao. Sherehe ya ufunguzi ilipendeza na hotuba zilikuwa nyingi. Katika bajeti niliyoipitia mimi mwenyewe kwa kalamu nyekundu hapakuwa na hata shilingi moja ya kubadilishia mbao, na maji ya chumvi hayangoji kikao. Msimu wa nne mgeni mmoja alizama hadi gotini, na waongozaji wakaanza kuwazungusha watu kwa njia ya nyuma. Kosa lile nalihesabu kuwa langu.

Na yule bwana wa shilingi 40,000, msimpe. Fomu za maombi ya ruzuku ndogo hazilipiwi, na maswali yake ni yale yale ambayo mtakuwa mmeshayajibu mtakapomaliza kuzungumza na KFS, BMU na wazee: mahali ni pa nani, nani ameridhia, mtafanya nini, kwa gharama gani, na nani atatunza. Akiandika yeye, atajibu maswali hayo kwa maneno aliyokwisha kuyatumia kwa vikundi vingine vitano, na afisa atakapokuja kijijini kuuliza, yeye atakuwa Mombasa nanyi mtakuwa mnatazamana. Kama ana ujuzi wa kweli, mwambieni aandae mchanganuo wa hesabu za mwaka mmoja, mumlipe kwa kazi hiyo tu baada ya kuiona. Elfu 40 hizo zitanunua jaketi za kuokolea maisha, na zikibaki, darubini moja ya kutazamia ndege.